Jioni ya bure Unguja hupangwa na mwezi

Ukiuliza mjini pa kwenda jioni za kipupwe bila kutoa kiingilio, utaambiwa Forodhani, ile bustani ya ufukweni Mji Mkongwe, basi. Jibu si baya ila halijakamilika, maana Forodhani ya siku gani? Bustani ile mwezi ukiwa na siku nane si bustani ile ile mwezi ukiwa na siku kumi na sita. Anayekwenda bila kuhesabu mwezi hurudi nyumbani akilalamika kwamba mahali pameharibika, kumbe alikosea siku.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Maji ya bamvua, yaani ya mwezi mwandamo na ya mwezi mpevu, hujaa mjini kwenye saa kumi za alasiri, na kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika kama hamsini. Kwa hiyo siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu maji huwa yamejaa vizuri jua linapozama. Hapo ndipo vijana wanapochupa baharini kutoka ukutani. Kijana huanza mbio mbali, miguu mitupu, anagusa ukingo wa ukuta kwa wayo mmoja, anajikunja hewani mara moja au mbili, na kabla povu halijatulia mwenzake keshaondoka nyuma. Kaa pembeni ya njia yao ya kukimbilia, usikae mbele yao. Maji mafu, yaani ya mwezi nusu, ni kinyume chake: saa ile ile bahari imekupwa, na chini mna mawe. Atakayechupa siku hiyo kwa kumwiga aliyemwona wiki iliyopita anaweza kuvunjika shingo. Wazazi wawaambie watoto jambo hili wazi, kwani kuwakataza bahari moja kwa moja hakujawahi kufaa kitu kisiwani.

Kipupwe pia kina upepo wake. Kusi huvuma kutoka upande wa pili wa kisiwa, na Forodhani imekingwa na mji wenyewe. Bahari ya mbele hutulia, na moshi wa mkaa huelekea majini badala ya kuingia machoni. Wakati wa kaskazi hali si hiyo.

Chakula nacho hufuata mwezi. Bamvua likipwa kwenye saa nne asubuhi, miamba hubaki wazi na wapwezaji huingia kazini, kwa hiyo pweza wa jioni hiyo ana nafasi kubwa ya kuwa wa leo. Dagaa ni mambo mengine: huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbaamwezi wavuvi wengi hupumzika. Ukiona pweza juu ya meza, mtazame ngozi. Aliyechemshwa vizuri na kuchomwa mara moja hubaki na wekundu wa zambarau na vikombe vyake vimeshikana na nyama. Aliyerudishwa motoni mara ya tatu huchunika, na nyama yake hutafunika kama mpira. Uliza bei ya kipande kabla kijiti hakijafika kwenye mkaa, kisha muombe muuzaji akichome mbele yako. Sahani kubwa zilizopangwa rangi rangi tangu alasiri zimepangwa kwa ajili ya macho, na wenyeji wasizigombanie.

Lakini kwa shibe ya pesa ndogo nitautetea urojo, ule uji mchachu wa manjano unaomiminwa juu ya viazi na bajia, mbele ya chochote kinachouzwa Forodhani, na nikisema urojo nakusudia ule wa mtaani unaotolewa baada ya alasiri. Siri yake haimo kwenye mishikaki, imo kwenye uji. Kwa lita mbili za maji vijiko vinne au vitano vya mezani vya unga wa ngano vinatosha, pamoja na kijiko kidogo cha manjano, chumvi, na embe mbichi mbili zilizochemshwa, zikapondwa na kuchujwa. Embe zikiadimika, ukwaju unafaa. Unga ukorogwe kwanza kwa maji baridi, halafu umiminwe kidogo kidogo kwenye maji ya moto huku mwiko ukizunguka. Anayeumwaga mkavu anapata madonge ambayo hata chujio haliyamalizi. Uchemke kwa moto mdogo mpaka harufu ya unga mbichi iondoke, kama robo saa au zaidi. Manjano yakizidi, uji huwa mchungu. Uji ukiwa mzito, bajia huunywa wote, na unabaki na bakuli la ugali mlaini. Anayejua kupakua hutanguliza viazi, bajia, kachori na nyama, anamimina uji, anatia chatne ya nazi na pilipili, na chipsi za muhogo anazinyunyiza mwisho kabisa juu. Akizitanguliza chini, hazitakwaruza tena kinywani, na ule mkwaruzo ni nusu ya urojo.

Ukishiba, tembea. Milango ya Mji Mkongwe ndiyo sanaa kubwa isiyo na kiingilio, na jua la alasiri likiipiga kwa ubavu nakshi hutokeza. Tazama mfaa, ule mti wa katikati, kisha miimo, kisha ubao wa juu. Baadhi ya milango imeandikwa mwaka wa Hijria hapo. Iliyopakwa vanishi nzito tabaka juu ya tabaka imezibwa nakshi zake, na inasikitisha.

Kahawa chungu ya Jaws Corner, ile barza ya njia panda ndani ya Mji Mkongwe, inywe baada ya isha, kikombe kidogo na kashata. Toa salamu kwanza, kaa, na usiwapige picha wacheza dhumna bila kuwaomba. Mbaamwezi barza hujaa mpaka usiku mkubwa.

Kinachokataa kufuata mwezi ni Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, kusini mwa Unguja, kwa kuwa kalenda yake ya Kishirazi huhesabu jua. Kwa hiyo huangukia Julai kila mwaka, ndani ya kipupwe. Wanaume hupigana kwa migomba pale Kae Kuu, kibanda cha makuti huchomwa, wanawake huimba wakiwa wamevaa vizuri kuliko siku zote, na moshi hutazamwa unaelekea wapi. Kutoka mjini panda daladala nambari 310, uondoke asubuhi mapema. Vaa viatu vya kufunika vidole, na usijipange upande ule upepo unakopeleka moshi, kwani kibanda kikishika watu hukimbia wote pamoja. Nyumba isiyo na mgeni siku hiyo huonekana na upungufu, kwa hiyo ukikaribishwa kula usikatae. Peleka sukari au mchele kidogo, na muulize mwenyeji wako mapema gari ya mwisho ya kurudi mjini inaondoka saa ngapi.