Swali la nyongeza lijibiwe
Ibara ya 63(3)(a) ya Katiba yetu ya Tanzania inalipa Bunge mamlaka ya kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake, kwa hiyo wanaomlaumu mbunge wa upinzani aliyemuuliza waziri bungeni kuhusu mradi wa maji, eti anaisumbua Serikali, wanamwonea bure. Alichouliza kuhusu maji ndicho tunachouliza sisi wa Mbagala tunapopanga foleni ya madumu alfajiri. Kilichonisikitisha ni jibu: swali la nyongeza, yaani lile linalofuata jibu la kwanza, lilitaka tarehe ya mradi kukamilika, naye waziri akarudia kwamba fedha zikipatikana utekelezaji utaanza, huku wenzake wakigonga meza. Kanuni za Kudumu za Bunge zinamtaka waziri ajibu kikamilifu. Mheshimiwa Spika amrudishe na tarehe.