Majirani Tusiwasumbue

Kazi ya kupanga vikao vya kongamano hupewa mtu ambaye hakuhudhuria kikao cha kugawana kazi. Mwaka ule mtu huyo nilikuwa mimi. Kongamano lenyewe lilikuwa la biashara na jamii, yaani wale wasomi wanaokutana kila mwaka kubishana kama kampuni ina deni kwa mtu yeyote zaidi ya wenye hisa. Mada 72, vyumba vitatu, siku mbili. Kila kikao dakika 90, mada nne, kila mtoa mada dakika 15. Zinazobaki ni za maswali, na za yule mzee ambaye swali lake huwa si swali bali mada ya tano.

Nilifikiri nitazipanga kwa maneno muhimu waliyoandika waandishi wenyewe. Nikayafungua. Watu 64 walikuwa wameandika "uwajibikaji wa kampuni kwa jamii". Ni kama kupanga samaki kwa kigezo kwamba wametoka majini. Wanane waliobaki waliandika "wadau".

Basi, nikaamua kufuata vichwa vya mada. Wakati wa mapitio majina yote yalifichwa, mhakiki asimjue mwandishi wala mwandishi asimjue mhakiki, na sasa yalikuwa yamerudishwa kwenye jedwali: safu A majina, safu B vichwa. Usiku umekwenda, macho mazito, nikateua safu B na kubofya ipangwe kwa alfabeti. Programu ikaniuliza, kwa adabu kabisa, kama nataka safu za jirani nazo zifuate. Nikaona huu nao umbea. Nimeomba safu B, majirani tusiwasumbue. Nikajibu hapana.

Hapa lazima niungame. Miaka sita nafundisha nadharia ya wadau. Kila muhula nasimama darasani nikieleza jinsi Edward Freeman, mwasisi wa nadharia hiyo, mwaka 1984, alivyowataka mameneja wamtazame kila anayeguswa na uamuzi wao. Siku kompyuta iliponiuliza waziwazi kama kuna wengine wa kuzingatia, nikawafukuza kwa mbofyo mmoja.

Ratiba ilipendeza, sifichi. Mada za mazingira zilikaa pamoja, za haki za wafanyakazi pamoja, za mikopo midogo pamoja. Mwenyekiti wa kamati aliniandikia kwamba hajapata kuona vikao vyenye mtiririko wa namna ile. Kweli mtiririko ulikuwepo. Ila kila mada ilikuwa na baba wa kambo.

Utauliza: watu 72 walitumiwa ratiba wiki mbili kabla, hakuna aliyegundua? Ndugu msomaji, mtoa mada akipokea ratiba hutafuta jina lake, siku na saa. Basi. Nilipata barua pepe 19, na 18 zilitaka jambo moja: niondolewe kikao cha mwisho cha siku ya mwisho. Ya kumi na tisa ilitoka kwa mwanafunzi wa uzamivu, akisema kwa unyenyekevu kwamba kichwa chake kimebadilika kidogo, kutoka mikopo ya vikundi vya wanawake hadi hewa ukaa katika viwanda vya saruji. Nikamjibu kwamba kamati ina haki ya kuhariri vichwa.

Asubuhi ya kwanza ndipo lilipolipuka. Mwanafunzi yuleyule alisimama, akatazama saruji yake kwenye projekta, akaangua kilio. Nikafungua jedwali na kuliona kosa: vichwa vilikuwa vimehama, majina yamebaki palepale. Kurudisha majina na vichwa vyao kulinichukua dakika kumi. Kuwarudisha watu vyumbani ni hadithi nyingine. Nilikimbia na karatasi na gundi nikibandika milangoni, huku watu wakihama na kompyuta zao kwapani kama wakimbizi.

Chumba cha tatu nilichelewa.

Mle alikuwamo profesa mmoja mzito, anayejulikana kwa kutetea ile makala ya mwanauchumi Milton Friedman ya mwaka 1970 kwamba wajibu wa biashara kwa jamii ni kuongeza faida. Jedwali langu lilikuwa limempa mada isemayo "Faida si Kila Kitu: Kampuni za Madini na Deni la Mazingira". Na alikuwa anaiwasilisha! Slaidi kamili, zenye michoro.

"Kichwa hiki," alisema, "nimekiweka makusudi kuwachokoza." Kisha akatumia dakika 15 kukibomoa tofali kwa tofali. Mwenye mada halisi, mhadhiri kijana, alikuwa mstari wa mbele akitazama mtoto wake akichapwa na mtu aliyejitambulisha kuwa baba.

Mjadili, yaani aliyepewa kazi ya kuitolea mada maoni, aliyekuwa ameisoma makala halisi na kuipenda, aligeuza kurasa zake mbele na nyuma. Mwishowe akasema, "Nadhani mtoa mada amekuwa mkali mno kwa kazi yake. Ajihurumie."

Yule mhadhiri akanyosha mkono. Akakumbusha kwamba Friedman mwenyewe aliweka sharti: faida itafutwe ndani ya kanuni za mchezo, bila hila wala ulaghai. Je, kampuni inayoficha sumu iliyomwaga mtoni imefuata kanuni gani? Profesa akajibu, yeye akarudisha. Mwenyekiti wa kikao akainua karatasi ya "dakika 1", kisha ya "muda umekwisha", kisha akaziweka chini akawa anasikiliza kama sisi wengine. Wa vyumba vya jirani walikuja kusimama mlangoni, nikashindwa kubandika tangazo langu.

Wakati wa chai profesa alinijia na ratiba mkononi. Nikaanza kuomba radhi, akanizuia.

"Mwanangu, ikisiri niliituma miezi minane iliyopita. Nilipoona kichwa kile juzi nilishtuka, nikasema uzee huu, kumbe niliahidi haya? Nimekesha usiku mzima natengeneza slaidi." Akashusha sauti. "Sasa yangu hasa ilikuwa ipi?"

Nikamwonyesha kwenye jedwali lililorekebishwa. Akavaa miwani, akasoma polepole, akarudia.

"Hii nayo," akasema, "siikumbuki."