Nani aliikomboa Mukalla, na nani aliikagua?

Juzi baada ya alasiri, barazani Jaws Corner, Mji Mkongwe, mzee mmoja wa asili ya Kishihiri, yaani Waarabu wa Hadhramaut, Yemen, aliweka finjani chini kabla hajaimaliza. Kijana mmoja alikuwa akikusanya saini za kutaka majeshi yote ya nje yaondoke Yemen. "Mwanangu," mzee akamwambia, "dada yangu yuko Mukalla. Aliyemtoa mikononi mwa Al-Qaida si mwanaharakati."

Neno zito, na ni la kweli. Al-Qaida waliiteka Mukalla, mji wa bandari kusini mwa Yemen, Aprili 2015, siku chache tu baada ya muungano wa Saudi Arabia kuanza mashambulizi ya ndege. Mwaka uliofuata wapiganaji wa Kiyemeni, wakisaidiwa na Imarati (Falme za Kiarabu), wakawafukuza. Muungano wenyewe uliitwa na Rais wa Yemen, Abdrabbuh Mansour Hadi, ambaye Wahuthi, waasi wa kaskazini, walikuwa wameshamnyang'anya mji mkuu, Sanaa, tangu Septemba 2014. Kwa hiyo anayesema wageni walivamia tu, huyo hajasoma habari yote.

Lakini Juni 2017 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch na shirika la habari la AP walieleza kuwepo kwa jela za siri kusini mwa Yemen, na mojawapo ilikuwa uwanja wa ndege wa Riyan, huko huko Mukalla. Imarati ilikanusha. Kwangu mimi hapa ndipo penye kiini cha mambo. Mkombozi akishaingia mjini na bunduki, mama aliyechukuliwa mwanawe usiku atamuuliza nani? Serikali yake inamtegemea mkombozi huyo huyo. Asipokuwepo mwanaharakati wa kuuliza kwa niaba yake, hakuna mwengine.

Na angani ilikuwa vibaya zaidi. Tarehe 9 Agosti 2018, huko Dahyan, Saada, bomu la muungano, lililotengenezwa Marekani, lilipiga basi la watoto waliokuwa matembezini. Watoto 40 walikufa. Uingereza nayo ilikuwa ikiiuzia Saudi Arabia silaha. Wanaharakati walikuwa wameshaifikisha biashara hiyo mahakamani London, na Juni 2019 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba vibali vya kuiuzia Saudi Arabia vilitolewa kinyume cha sheria. Vibali vipya vilianza kutolewa tena mwaka uliofuata, ndiyo, lakini serikali ya Uingereza ililazimika kujieleza.

Hodeida ndiyo inayonisumbua. Kelele za dunia mwaka 2018 zilisaidia kusimamisha vita vya muungano vya kuwanyang'anya Wahuthi bandari ile, ambayo chakula kingi cha Yemen kinapitia hapo, na mapatano ya Stockholm yakafuata Desemba. Watu walinusurika na njaa. Wahuthi nao walibaki na pwani, na tangu Novemba 2023 wakawa wanashambulia meli Bahari ya Shamu. Sijapata jibu la kuniridhisha, wala simwamini anayelitoa haraka.

Ninaowaamini ni watu kama wa Mwatana, shirika la Wayemeni wenyewe, wanaoorodhesha mabomu ya muungano, mabomu ya ardhini ya Wahuthi na jela za kila upande. Anayepiga kelele juu ya ndege za Saudia akanyamazia Wahuthi walivyouzingira mji wa Taiz anampa mzee yule haki ya kukataa kutia saini.

Kijana alimuuliza kuhusu Riyan. Mzee alikaa kimya kitambo, muuza kahawa akapita na dele lake, akarudi.

"Jirani wa dada yangu mtoto wake alichukuliwa 2016," akasema. "Nikikupa jina, utaliandika?"

Kijana akageuza ile karatasi ya saini upande wa nyuma.