Bosi Wangu, Feni ya 92 Haipo

Joto la Dar mwezi wa pili halina adabu, hilo halina mjadala. Majuzi nilikuwa nimekaa kwenye steshenari yangu hapa Tabata, shati limegandana na mgongo, na feni la mezani ninalo, zima kabisa, linazunguka. Ila nilikuwa nimeligeuzia kompyuta. Wateja wanaingia, wanalitazama, wananitazama mimi, halafu wanajipepea na vyeti vya kuzaliwa walivyoleta kutoa kopi. Asubuhi moja mama mmoja kaligeuza limwelekee yeye, hodi hakuna, samahani hakuna. Haukupita muda kompyuta ikazima, na ndani yake barua ya mtu ya kuomba kazi ipo ukurasa wa pili.

"Pole baba," akaniambia, "umeme wa huku kwenu hauaminiki."

Umeme ulikuwepo! Kwa mara ya kwanza wiki nzima umeme ulikuwepo, na bado kasingiziwa.

Kisa chote ni kifeni cha nyuma ya kompyuta. Hii yangu ni mtumba wa maofisini Ulaya, lile sanduku la bati jeusi ambalo nusu ya steshenari za mji huu zinakula kwalo. Ndani kuna mfereji wa plastiki unaotoka kwenye prosesa, ule ubongo wa kompyuta, mpaka mgongoni, na feni hiyo moja ndiyo inavuta joto lote kulitoa nje. Ilianza kwa kunguruma kama mashine ya kusaga, hadi jirani akauliza kama nimehamia kwenye biashara ya dona. Halafu siku moja ikanyamaza. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nikajua nimefiwa. Tangu hapo kila nikiwasha, kioo kikawa kinaniandikia Kiingereza cha kunilaumu kwamba feni haizunguki, nibonyeze F1 niendelee. Nabonyeza F1 naendelea. Mangapi tunabonyeza F1 tunaendelea.

Na nilipima. Hili nalisema mapema kwa sababu huko mjini nimeitwa mbishi. Nilikaa chini na rula ya mwanafunzi, nikapima fremu ya feni ukingo mpaka ukingo: milimita 92. Tundu la skrubu mpaka tundu la skrubu: 82 na nusu. Unene 25. Waya una pini 4, na kibandiko cha katikati kinasema volti 12. Ndivyo feni hizi zinavyopimwa, kwa ukingo wa fremu. Urefu wa panga hauhesabiwi, kona kwa kona haihesabiwi, na ukipima matundu utajidanganya vizuri tu: utapata 105 uende dukani kudai feni ya 105, watu wakucheke, kumbe yako ni ya 120. Ya 80 nayo matundu yake yameachana 71 na nusu. Vyote nikaviandika kwenye karatasi, nikaikunja mara mbili, nikaitia mfuko wa shati, nikaenda kituoni na heshima ya mtu anayejua anachokwenda kununua.

Konda alisema siti zipo. Zilikuwepo kweli, na watu wake juu.

Pale Msimbazi, Kariakoo, sijavuka hata barabara, winga, dalali wa kuwapeleka wateja madukani, kanidaka mkono. "Bosi wangu! Simu, kava, tivii, begi, nguo za watoto, unatafuta nini nikuelekeze?" Nikasimama wima. Nikamwambia, kwa sauti ya utu uzima, natafuta feni ya kompyuta ya mezani, milimita 92, unene 25, pini 4. Sasa winga wa Kariakoo ana kipaji kimoja: hakijaumbwa kitu ambacho yeye hakifahamu.

"Hiyo ipo, bosi. Tena mzigo umeingia jana. Twende."

Tukaenda. Tukapita kichochoro, tukaruka maji ambayo hayakuwa ya mvua, tukatokea Mtaa wa Aggrey, tukaingia duka linalouza kava za simu. Kava tupu, ukuta hadi ukuta. Nikaketishwa kwenye stuli. Mwenye duka akaisoma karatasi yangu, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maelezo mengine, akanirudishia.

"Ni hii ya kawaida?"

"Ni ya 92."

"Ndiyo, ya kawaida." Akamtazama dogo aliyekuwa mlangoni. Dogo akapotea.

Aliporudi alikuwa na feni ya laptopu, bapa, ile yenye mkia wa shaba. Nikakataa. Akapotea tena, akaja na kifeni cha kushika mkononi, cha kuchaji, chenye taa ya bluu. Mwenye duka akakiwasha akanipulizia usoni. Sikatai, nilipata ahueni. "Hiki unakiegesha tu juu ya CPU," akasema, "na wewe mwenyewe unapata upepo." Nikamwambia kompyuta haina shingo ya kuegeshewa kitu. Dogo akapotea mara nyingine, na safari hii akaja na feni ya kompyuta kweli, nyeusi, ya pembe nne, ndani ya mfuko wake wa nailoni.

Nikatoa rula.

Kama hujawahi kutoa rula Kariakoo, usitoe. Ni bora utoe panga, watu watakuelewa. Jamaa alinitazama nikiiweka rula juu ya bidhaa yake, sura ikamjaa uchungu wa mtu aliyeitwa mwizi mbele ya wakwe.

"Hii ni ya 80," nikasema.

"Sasa bosi, 80 na 92, hapo katikati kuna nini? Milimita 12. Ndiyo ukose usingizi?"

"Matundu hayatakutana."

"Skrubu mbili zitashika."

"Haitashika hata moja."

"Utafunga na waya."

"Au vile vikamba vya plastiki," winga akadakia. "Navyo vipo. Nikuletee?"

Nikasema hapana. Dogo alishaondoka, nadhani yeye hulipwa kwa mwendo, na akarejea na ya 120. Mwenye duka akaipokea kwa mikono miwili. "Haya, hii sasa ni ya wanaume. Kubwa, upepo mwingi, kelele hakuna."

Nami ni mtu wa haki. Hapo alisema kweli, ingawa sidhani kama alikusudia. Feni ya 120 ina eneo mara mbili na robo ya ile ya 80, chukua 120 mara 120 ugawe kwa 80 mara 80, hesabu ya sekondari. Ikizunguka polepole inahamisha hewa ileile ambayo ndogo inaihamisha kwa kukimbia na kupiga mayowe. Ningekuwa na sanduku la kisasa lenye nafasi ya 120 au 140, ningenunua nikaenda zangu. Ila mgongo wa bati langu umetobolewa kwa ajili ya 92, na bati haliambiliki.

"Tunakata bati," akasema mwenye duka.

"Unakata bati la kompyuta?"

"Kuna fundi hapo nyuma ana grinda. Anatengeneza mageti, kazi yake safi sana."

Nilipokuwa bado nautafakari mshono wa geti mgongoni mwa kompyuta yangu, dogo akaingia na kitu kizito. Feni ya chuma. Hiyo duka zima lilisimama kuilaki. "Orijino hiyo!" winga akasema, akaigonga kwa kucha ilie. Nikaigeuza nisome kibandiko: volti 220. Pini hakuna. Ni ile feni ya kwenye stabilaiza na mashine za kuchomelea, umbo na matundu ni yaleyale ya 120, ila imenenepa hadi milimita 38 na inakula umeme wa ukutani moja kwa moja.

"Hii siyo," nikasema.

"Siyo feni?"

"Ni feni."

"Haipulizi?"

"Inapuliza."

"Sasa tatizo lako nini, kaka?"

Nikaeleza, taratibu, kwamba mazabodi, ile bodi kuu ya ndani ya kompyuta, inatoa volti 12, na hii inataka 220. Jamaa akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Kwa hiyo hii ina nguvu zaidi."

Hapo muuza kahawa alishatua birika lake mlangoni asipitwe na habari. Dada wa duka la jirani naye kaja. Mmoja akashauri ninunue kiyoyozi. Mwingine akauliza hiyo kompyuta ni rangi gani. Muuza kahawa akasema ya shemeji yake ilikuwa na tatizo hilihili, wakaiuza. Nami, mtu mzima, mwenye steshenari, mjumbe wa kamati ya wazazi, nikajikuta nimesimama juu ya miguu yangu napiga kelele: "Mimi nataka tisini na mbili! Si themanini! Si mia na ishirini! Tisini na mbili!"

"Bosi wangu," mwenye duka akaniambia kwa upole wa mtu anayeongea na mgonjwa, "tisini na mbili ni mwaka. Feni zipo za 80 na 120. Hiyo yako walikosea kiwandani."

Nikatoka. Winga nyuma yangu, hajakata tamaa, winga hakati tamaa, akanipandisha ngazi za jengo moja lisilo na taa hadi kwa mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi. Mzee kazungukwa na matumbo ya kompyuta za watu. Nikampa karatasi. Akaisoma mara moja. Hakuuliza ya kawaida wala rangi. Akaingiza mkono kwenye boksi, akachakura, akatoa feni yenye vumbi la kijivu la mbali huko, akaichomeka kwenye pawa saplai iliyokuwa wazi mezani, ikazunguka. Nikapima. 92. Matundu 82 na nusu. Pini 4. Nilitaka kumkumbatia.

"Elfu ishirini na tano," mzee akasema.

"Mzee wangu! Mpya ya 120 hapo chini ni elfu kumi!"

"Kachukue."

Winga alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikumwona, ila nina hakika alishampa mzee ishara kwamba huyu kazunguka sana na amechoka. Tulibishana mpaka elfu ishirini, na winga akadai ya soda. Soda yenyewe elfu tatu. Sijui inauzwa wapi soda hiyo.

Kufunga hakuna hadithi, isipokuwa fundi wa jirani aliyekuja kuangalia akasisitiza feni igeuzwe ipulize ndani, "maana baridi ndiyo inatakiwa iingie." Feni ina uso na mgongo. Upande wenye vile vimikono vya fremu vinavyoshikilia mota ndiko upepo unakotokea, na nyingine zina mshale ubavuni kabisa. Ya nyuma inatoa. Ukiigeuza, joto la prosesa linarudishwa ndani kwa prosesa, na prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 zinaanza kutambaa, zikizidi zinazima. Isitoshe, feni haitengenezi baridi, inahamisha joto tu. Chumba kikiwa na nyuzi 32 hewa inayoingia ni ya nyuzi 32, na hapo hakuna milimita itakayokusaidia. Fundi akasema yeye amesomea VETA. Nikamwambia hongera.

Sasa inazunguka, lile Kiingereza la F1 limekoma, na feni la mezani nimewarudishia wateja wagombane nalo wenyewe. Ila ile soda ya winga nililipa kwa simu. Namba yangu anayo. Kila asubuhi ananitumia mzigo mpya: vigae, masufuria, viatu vya watoto, na jana jioni kaniunganisha kwenye kundi la harusi. Ndiyo, harusi, yake yeye, mwezi wa sita, na kamati imeshakaa. Mweka hazina kaniandikia kwa jina la Mzee wa Feni, ananikumbusha ahadi: singo elfu hamsini, dabo laki. Nikataka kujitoa kimyakimya, kundi likatangaza kwamba sasa hivi mwenyekiti kaniteua kamati ya vinywaji. Nilipokuwa natafuta maneno ya heshima ya kukataa, mke wangu aliyekuwa akisoma begani kwangu akaichukua simu, akauliza sare ni rangi gani, akajibiwa damu ya mzee, akaandika kwa herufi kubwa: DABO.