Wabunge na Mkataba wa Roma: kura ngumu hupigwa nyumbani

Tarehe 12 Februari 2009 Bunge la Kenya lilipiga kura kuhusu mswada wa kuunda mahakama maalumu ya kuwashtaki waliopanga ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ghasia zilizoua watu zaidi ya 1,100. Waliounga mkono walikuwa 101, waliopinga 93. Ulihitaji theluthi mbili, hivyo ukaanguka. La ajabu ni kwamba wiki sita tu kabla ya hapo, Januari mosi, ilikuwa imeanza kutumika Sheria ya Makosa ya Kimataifa, ambayo Bunge hilohilo liliipitisha ili kuuingiza katika sheria za nchi Mkataba wa Roma, ule ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko Hague. Walikubali uhalifu dhidi ya binadamu uwe kosa nchini Kenya, kisha wakakataa chombo cha kuwashtaki watu waliowajua kwa majina.

Nimeikumbuka kura hiyo kila niliposoma wito wa wabunge wa mataifa mbalimbali, hasa walio katika mtandao wa Parliamentarians for Global Action wenye makao New York, kwamba nchi zisizo wanachama wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai zijiunge, na zilizojiunga zitunge sheria za kuutekeleza mkataba. Nusu ya kwanza ya wito huo ndiyo hupigiwa makofi. Nusu ya pili ndiyo yenye uzito.

Mahakama ya Hague haina polisi wala gereza la kumfungia mtu aliyehukumiwa. Hutegemea nchi wanachama zikamate, zitoe ushahidi, zilinde mashahidi. Tena iliundwa iwe kimbilio la mwisho: kesi inayoshughulikiwa kwa dhati na mahakama za nchi, Hague haiigusi. Kwa hiyo nchi iliyoridhia bila kutunga sheria imejiachia mlango mmoja tu, ule wa mbali.

Tanzania ni mfano. Tuliridhia Agosti 2002, lakini kwetu mkataba hauwi sheria mpaka Bunge litunge sheria yake, na hiyo haijatungwa. Na ni kwetu, katika mji wa Arusha, ambako Septemba 1998 Mahakama ya Kimataifa kwa ajili ya Rwanda ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, mtu wa kwanza kuhukumiwa kwa mauaji ya kimbari na mahakama ya kimataifa. Tuliwapa majaji nyumba, tukawapa ulinzi, tukauza nyanya na vyumba vya hoteli kwa miaka ishirini. Kanuni yetu ya Adhabu bado haina kosa linaloitwa mauaji ya kimbari.

Sasa upande wa pili, ambao sitaki kuupitia kwa haraka kwa sababu malalamiko yake mengi ni ya kweli. Mpaka mwanzoni mwa 2016, ilipofunguliwa Georgia, kila uchunguzi rasmi wa mahakama hiyo ulikuwa barani Afrika. Marekani si mwanachama, na tangu 2002 ina sheria inayompa rais wake ruhusa ya kutumia nguvu kumtoa Mmarekani atakayeshikiliwa Hague. Mwaka 2025 ikawawekea vikwazo hata majaji. Hungary ilimpokea Benjamin Netanyahu, mwenye hati ya kukamatwa, Aprili 2025, ikatangaza kujitoa, na mwezi uliofuata bunge lake likaidhinisha. Mtu wa Bujumbura au Nairobi akiuliza kwa nini yeye ndiye afundishwe utii wa mkataba, sina jibu la kumnyamazisha.

Ila natazama nani anauliza, na lini. Bunge la Kenya lilipitisha hoja ya kujitoa Desemba 2010, siku chache baada ya mwendesha mashtaka Luis Moreno Ocampo wa mahakama ya Hague kuwataja Wakenya sita kuwa washukiwa wa ghasia zile. Likarudia Septemba 2013, siku chache kabla ya kesi ya William Ruto kuanza. Katikati yake, Aprili 2012, Bunge la Afrika Mashariki lilitaka kesi hizo zihamishiwe Mahakama ya Afrika Mashariki, chombo ambacho hakikuwa na mamlaka ya jinai. Burundi ilipiga kura Oktoba 2016, wabunge 94 kati ya 110 wakiunga mkono, wakati Hague ikichunguza awali mauaji ya mwaka uliotangulia. Hoja ya ubaguzi ni ya kweli, lakini mara nyingi imekaa kinywani mwa mwenye kesi au mtetezi wake. Na wala haikuwasaidia: majaji waliruhusu uchunguzi wa Burundi siku mbili kabla ya kujitoa kwake kuanza kazi, Oktoba 2017.

Kenya haikujitoa. Kesi ya Uhuru Kenyatta iliondolewa Desemba 2014, ya Ruto ikasitishwa Aprili 2016, mashahidi wakiwa wamejitoa au kugeuka. Wapinzani wa Hague husema, mnaona, haifai. Mimi nasoma kitu kingine humo: mahakama ya nyumbani ilikataliwa kwa ahadi ya Hague, Hague ikashindwa, na mjane wa ghasia zile kule Eldoret hakupata hata moja.

Kongo ilikwenda njia nyingine. Mswada wa kuutekeleza Mkataba wa Roma ulitoka kwa wabunge wenyewe wala si kwa serikali. Uliwasilishwa mara ya kwanza 2008, ukawa sheria Januari 2016. Karibu miaka minane ya kusukumana! Hata kabla ya hapo, majaji wa kijeshi walikuwa wakiutumia mkataba moja kwa moja. Desemba 2017 mahakama ya kijeshi ya Bukavu ilimhukumu kifungo cha maisha Frédéric Batumike, pamoja na wenzake kumi, kwa uhalifu dhidi ya binadamu katika ubakaji wa watoto wa kike wa Kavumu. Batumike alikuwa mbunge wa mkoa wa Kivu Kusini.

Msinielewe vibaya, sheria ya nyumbani haitibu kila kitu. Uganda ilitunga ya kwake 2010 na ina kitengo maalumu cha Mahakama Kuu, lakini Thomas Kwoyelo wa kundi la waasi la LRA, aliyekamatwa 2009, alihukumiwa miaka 40 mwaka 2024 tu. Miaka kumi na mitano mahabusu kabla ya hukumu ni aibu kwa mahakama yoyote. Mbunge anayesimama kudai sheria bila kudai fedha za wapelelezi na za ulinzi wa mashahidi anatuuzia karatasi.

Ndiyo maana naupokea wito wa wabunge hao kwa nusu ya moyo. Azimio la mkutano halimgharimu mbunge kiti chake. Muswada binafsi unaweza kumgharimu, na kanuni za Bunge la Dodoma zinaruhusu kuuleta. Kenya ilijaribu pia: baada ya ule mswada wa Februari, mbunge Gitobu Imanyara alileta wa kwake mwaka huohuo, wa mahakama maalumu ileile. Huo haukufika hata kwenye kura. Wabunge walitoka ukumbini, akidi haikutimia.