Walitupa kile kikaratasi

Wiki mbili zilizopita nimepokea bahasha kutoka kwa muuzaji mmoja wa mnadani, ndani kuna dinari, sarafu ya fedha ya Kirumi, ya mfalme Septimius Severus niliyoihangaikia toka mwezi wa tisa, nikaifungua nimekaa kitandani viatu bado miguuni maana ndo kwanza natoka shifti ya usiku na kusubiri sikuweza. Sarafu ilikuwepo. Kikaratasi hakikuwepo.

Wanaokusanya sarafu za kale wameshanielewa. Kwenye picha ya mnada sarafu imelala pembeni ya kikadi cha duara, kimepauka mpaka kimekuwa rangi ya chai, kimeandikwa kwa wino mwandiko mdogo wa kulalia, mistari minne, na mstari wa pili unaona kabisa mwaka 1926. Mtu aliishika hiyo sarafu 1926 akakaa mezani akaandika aliipata wapi. Nilinunua kwa ajili ya hicho kikadi, ukweli ndo huo, dinari za Severus zimejaa tele, ukizitaka kumi unazipata leo hii. Nikawaandikia. Wamenijibu haraka na kwa heshima zote kwamba karatasi za zamani huwa wanazitoa wakati wa kufungasha kwa sababu zinachafua, na kwamba nilicholipia ni sarafu. Zinachafua! Nimeurudia huo ujumbe mara tatu mikono inatetemeka. Miaka karibu mia moja hicho kikadi kimepita mikononi mwa watu, kimepita vita kuu ya pili, kimekuja kufia kwenye pipa la takataka la ofisi.

Kwa hiyo makala ya mwisho wa mwaka, ile ya sarafu gani zimeingia kwenye mkusanyo wangu, mwaka huu naiandika na hili jambo limenikaa kooni.

Zimeingia tano. Mwaka wangu wa kwanza ziliingia 43, nyingi nilinunua kwa mafungu, zile zinazouzwa na udongo wake, unazilowesha wiki nzima kwenye maji safi halafu unasugua taratibu na mswaki mpaka uso wa mfalme unaanza kutokea. Nilikuwa na furaha sana siku zile, sikatai. Lakini leo nikilifungua lile boksi hakuna hata moja ninayojua ilitoka shamba gani, ilikuwa peke yake au na wenzake, ilikuwa kaburini au chini ya sakafu ya nyumba ya mtu. Nilimuuliza muuzaji akaniambia "Balkani", na Balkani ni nchi ngapi jamani, na mimi nikalipa nikaenda zangu. Hilo kosa ni langu na bado linaniuma, kwa sababu kuna mtu alichimba usiku akachota vyuma akaacha kila kitu kingine kimevurugika, na hela yangu ilikuwa sehemu ya mshahara wake.

Hebu niwaambie kwa nini nimekuwa mkali hivi. Aprili 2010 huko Frome, Somerset, Uingereza, Dave Crisp alikuwa shambani na mashine yake ya kutafutia vyuma, ikalia, akachimba akakuta mdomo wa chungu na sarafu ndani. Mtu mwingine angezoa. Yeye akafukia, akapiga simu. Wakaja wanaakiolojia wakakitoa chungu tabaka kwa tabaka, sarafu za kila tabaka zikawekwa mbali na za tabaka jingine. Walipomaliza kuhesabu zilikuwa 52,503, uzito wake kama kilo 160. Sasa sikiliza. Humo ndani mlikuwa na sarafu za Carausius, yule kamanda wa Kirumi aliyejitangaza mfalme akaishika Uingereza kuanzia 286 mpaka alipouawa 293, hizo ndizo za mwisho mwisho kwa umri. Kama mtu alikuwa anaweka akiba mwaka hadi mwaka, za Carausius zingekaa juu, si ndiyo? Hazikukaa juu. Nyingi zilikuwa chini ya katikati ya chungu, zimefunikwa na za zamani kuliko zenyewe. Maana yake zilimiminwa zote kwa mkupuo. Na chungu chenyewe kina ukuta mwembamba, kisingebebeka na uzito ule, kwa hiyo kilitangulia shimoni kwanza ndo kikajazwa. Hapo ndipo wataalamu wengine wakaanza kusema huenda si akiba, huenda ni sadaka, kijiji kizima kimekuja na vikapu vyake kumtolea mungu wao.

Hayo yote, wazo zima la kijiji kilichosimama shambani kinamimina hela ardhini, yametoka kwenye nini? Kwenye kujua sarafu ipi ilikuwa chini ya ipi. Sarafu zenyewe moja moja ni hizi hizi ninazonunua mimi kwa pauni 12. Crisp angezitia kwenye ndoo akaenda kuziosha nyumbani tungebaki na vyuma 52,503 na wala tusingejua kwamba kuna kitu tumekosa.

Na msione ni mambo ya Wazungu hayo. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa mchangani kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yao. Akaziweka kwenye kopo. Miaka ya sabini mwishoni ndo akazipeleka zikaangaliwe, zikakutwa nne ni za Waholanzi na tano ni za Kilwa. KILWA. Mimi ni mtu wa Tanga, niliposoma hilo mara ya kwanza nilisimama nikazunguka chumbani. Nani alizifikisha kule bado watu wanabishana, lakini wanaweza kubishana kwa sababu moja tu, Isenberg alikuwa na ramani na alitia alama ya X pale alipoziokota, na 2013 watafiti walirudi kule wakiwa na ile ramani. Kama si ile X leo hii zingekuwa shaba tano mbovu kwenye boksi la mtu. Na kwenye magofu ya Great Zimbabwe iliokotwa moja ya Sultan al-Hasan ibn Sulaiman wa Kilwa, imetuunganishia pwani na dhahabu ya bara kuliko maneno mengi, na nguvu yake yote iko kwenye mahali ilipolala. Halafu naingia mitandaoni naona sarafu ya Kilwa inauzwa, maelezo ni "Afrika Mashariki, shaba, hali nzuri". Nafunga kompyuta.

Turudi kwenye tano zangu.

Ninayoipenda kuliko zote ni kishaba cha mfalme wa Roma Constantine, mbele kichwa chake, nyuma, upande wa mwenge tulivyokuwa tunauita utotoni tukirusha shilingi, kuna madhabahu yenye maandishi VOTIS XX, juu yake tufe na nyota tatu, na kuzunguka imeandikwa BEATA TRANQVILLITAS, utulivu wenye baraka. Chini kabisa herufi nne, PLON, yaani imegongwa London, kwenye kile kiwanda alichokianzisha Carausius kikaja kufungwa 325. Herufi ya O imejaa uchafu mwekundu mgumu na sijaugusa wala sitaugusa, ni udongo wa Lincolnshire huo. Mkulima alimruhusu mtu na mashine yake, mtu akaiokota, akaipeleka Portable Antiquities Scheme, mpango wa Uingereza wa kusajili vitu vya kale vinavyookotwa, ikaandikwa ikapewa namba, jina la kijiji lipo. Nimenunua kwa pauni 22. Safari yote kutoka London mpaka Lincolnshire ninayo mkononi, na bei yake haifiki hata ya viatu vya kazini.

Ya pili dinari ya Tiberius, imelika mpaka pua haipo, na hii ndo ghali kuliko zote, pauni 160. Wauzaji wameipachika jina la sarafu ya kodi, kwamba ndiyo ile Yesu aliyoonyeshwa akauliza sura hii ni ya nani. Nikampigia Mama kwa video. Akavaa miwani, akasogea mpaka nikawa naona paji la uso tu. "Mwanangu, ndo dinari yenyewe hiyo? Ile ya wale wa shamba la mizabibu, mshahara wa kutwa?" Nikamwambia ni za aina hiyo Mama, ila kama ndiyo yenyewe aliyoshika hakuna ajuaye, wapo wataalamu wanaosema dinari za huyu mfalme hazikuwa nyingi Yudea miaka ile, na wanasema hivyo kwa kuhesabu zilizofukuliwa kule kule. Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza, "Na kabla yako ilikuwa kwa nani?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na risiti ya mnada wa Uswisi wa 1974, nikamsomea. Sijui kama Mama alijua nilivyofarijika kuulizwa swali lile, maana mwaka mzima sijamsikia muuzaji hata mmoja akilianzisha mwenyewe.

Ya tatu ya Claudius wa pili, ile aina yenye taji la miale, kwa jina ni ya fedha lakini fedha yenyewe haifiki asilimia 5, mtu alilipwa mshahara kwa hiyo na akaenda nayo sokoni hivyo hivyo. Ya nne ni ya Alexandria, ya Probus, tai nyuma na mwaka wa utawala kwa herufi za Kigiriki, ina bahasha ya mkusanyaji wa zamani na bahasha hiyo naitunza kuliko sarafu.

Najua mtaniambia karatasi nazo hughushiwa. Kweli. Ile sarafu ya dhahabu ya Brutus, mmoja wa waliomuua Julius Caesar, iliyoandikwa EID MAR, yaani siku ya mauaji hayo, iliuzwa London 2020 kwa zaidi ya pauni milioni 3, na 2023 ikarudishwa Ugiriki kwa sababu historia yake ilikuwa ya kutunga. Nakubali. Ila angalieni, ilinaswa kwa sababu kuna watu waliuliza ilitoka wapi. Na mtaniambia pia tukikataa zisizo na karatasi vijana wenye hela kidogo hawataanza kamwe. Hilo nalikubali nusu. Pauni 22, nimeshasema.

Ya tano ndiyo hiyo Severus. Nilitaka kuirudisha, nikashindwa, maana nikiirudisha itauzwa tena na safari hii hata picha ya kikadi haitakuwepo. Basi jana usiku nimeipakua ile picha ya mnada kabla hawajaifuta, nikaikuza mpaka ikaanza kupasuka, nikakata kadi ya duara na mkasi, nikachukua kalamu ya wino. Mstari wa kwanza jina la mfalme. Wa pili 1926. Wa tatu ni jina la mji, limeanza na T, nadhani Trier, nimeweka alama ya kuuliza pembeni. Wa nne umefunikwa na kivuli cha sarafu yenyewe, nimeugeuza kila upande hausomeki. Nimeacha nafasi yake tupu, chini nikaandika tarehe ya jana na kwamba kadi ya kwanza ilipotea ikiwa njiani kuja kwangu.