Ubishi huu si burudani

Mwandishi, nimekusoma mpaka mwisho, ila hapo uliposema ubishi wa kwenye makundi ya simu ni burudani tu na haumdhuru mtu, nakataa. Mimi nanunua dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Kundi letu la WhatsApp tulilianzisha tupeane bei na habari za visiwani, hasa mwezi umekaaje, maana mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawavuliki.

Wiki iliyopita mama mmoja aliuliza saa moja jioni gunia linaendaje Ukerewe, asafiri au asubiri. Hakujibiwa. Wanaume wawili walikuwa wanabishana kama sangara ni samaki wa asili wa ziwa hili. Jamani, sangara alipandikizwa, kuanzia miaka ya 1950. Kabla yake wazee wetu walikula furu na ningu. Yule mbishi aliyeshikilia kuwa ni wa asili aliwekewa ushahidi, akahamia kwenye tahajia ya mwenzake, kisha elimu yake, kisha kabila lake. Saa nane usiku bado anatuma sauti, unasikia kabisa anavyohema. Sangara kashasahaulika, kilichobaki ni nani atanyamaza wa kwanza.

Na ni watu wazima, wana wajukuu! Sokoni wakikutana wanasalimiana vizuri, wanapishana kwenye benchi la mama ntilie. Simu ikishikwa tu, kila mmoja anataka aonekane yeye ndiye anajua.

Yule mama amejitoa kundini, na wenzake watatu wamemfuata. Yeye ndiye aliyekuwa akitupa bei za kweli kuliko sisi wote.